Injini ya Tatu, au Kondoo wa Chuma?

Katika mkutano wa mwisho wa wanafunzi wa zamani ilitajwa habari ya kuchanga fedha ili shule yetu ipate injini mpya ya kupandisha maji. Sisi tuliomo shuleni sasa twawashukuru sana kwa moyo huo, maana mkono usiosahau ulikolelewa ni mkono wa heshima. Lakini kabla fedha hazijatoka mfukoni, naomba nafasi katika gazeti letu nieleze maoni yangu. Maoni yenyewe ni haya: tusinunue injini. Tununue pampu ile iendeshwayo na maji yenyewe, isiyotaka dizeli wala umeme, na fedha zitakazobaki tujengee tangi kubwa.

Sisemi hivi ili kumlaumu mtu. Wote tunajua hali ilivyo hapa kwetu Kigezi. Milima ni mingi, na maji yako mabondeni. Watu na shule na makanisa wako juu. Waliojenga shule hii walichagua kilima chenye hewa njema, wala hawakukosea, ila waliacha kijito chini. Nilipoingia kidato cha kwanza nilikuta injini moja imekwisha kufa, nayo imegeuka kiota cha kuku. Injini ya pili ilifanya kazi vizuri muda wa mihula minne. Kisha dizeli ilipanda bei, tukawa twasukuma maji siku mbili tu kwa juma. Baadaye kikavunjika chombo kimoja kidogo, na aliyetuuzia injini akasema chombo hicho hakipatikani tena. Tangu siku hiyo tumerudi kwenye madumu. Sasa injini ya tatu itakuwa na nini ambacho zile mbili hazikuwa nacho? Rangi mpya, labda.

Wengi wakisikia habari ya maji kupanda mlima bila injini hucheka, wakidhani ni uchawi au uongo wa vitabuni. Si uchawi. Ni jambo la fizikia ambalo kila mtu amewahi kulisikia kwa masikio yake. Fungua bomba la maji mpaka mwisho, kisha lifunge ghafula. Utasikia kishindo ukutani. Kishindo hicho ni nguvu ya maji yaliyokuwa yakienda mbio yakazuiwa mara moja. Pampu ninayoisemea huichukua nguvu hiyo, ambayo kwa kawaida hupotea bure, ikaitia kazini.

Hufanya kazi namna hii. Maji hutoka katika birika dogo lililojengwa kijitoni, huteremka kwa bomba la chuma mpaka kwenye pampu iliyo chini zaidi. Hapo hukuta kilango kilicho wazi, nayo humwagika nje. Kadiri yanavyomwagika ndivyo mwendo wake unavyozidi, hata mwisho mwendo huo hukisukuma kile kilango kikajifunga ghafula. Maji hayana tena pa kwenda. Hupiga kishindo, kama mtu aendaye mbio gizani akakuta mlango umefungwa. Kishindo hicho hufungua kilango cha pili, na maji machache huingia katika chupa kubwa ya chuma yenye hewa ndani. Hewa hubanwa, na inapojinyosha huyasukuma maji katika bomba jembamba lipandalo kilimani. Kilango cha pili hujifunga ili maji yasirudi. Nguvu ya kishindo ikiisha, kilango cha kwanza hufunguka chenyewe, na kazi huanza upya. Basi ni hivyo hivyo, mara 40 au 60 au zaidi katika dakika moja, mchana na usiku, Jumapili na sikukuu, bila mtu kusimama karibu.

Jambo hili si geni wala si la kujaribiwa kwanza juu yetu. Mwaka 1772 mtengeneza saa mmoja Mwingereza, John Whitehurst, alipandisha maji kwa njia hii huko Cheshire, ila mtambo wake ulihitaji mtu wa kufungua na kufunga bomba kwa mkono. Mwaka 1796 Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier aliufanya ujiendeshe wenyewe, apate maji ya kiwanda chake cha karatasi. Huyu ndiye yule ambaye yeye na ndugu yake walirusha puto la hewa moto mwaka 1783. Wafaransa wakauita mtambo huo kwa jina la kondoo dume, na Waingereza vilevile, kwa sababu hupiga kichwa kama kondoo dume apiganapo. Katika siku zetu hizi, huko Filipino, katika kisiwa cha Negros, shirika liitwalo AIDFI limewafungia watu wa vijiji vya milimani pampu za namna hii, likapewa tuzo ya Ashden mwaka 2007. Watu wa Negros wanaishi juu na maji yako chini, kama sisi.

Lakini hadithi za mbali hazijazi mtungi. Na tuhesabu hesabu yetu wenyewe. Wakati wa kiangazi, mimi na wenzangu wawili tulikipima kijito chetu kwa ndoo na saa. Ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 10, maana yake ni lita 120 kwa dakika. Tuseme tuchukue nusu tu, lita 60, na nusu ya pili tusiiguse. Kutoka mahali pa birika mpaka mahali pa pampu pana mteremko wa meta 4. Kutoka kwenye pampu mpaka nyuma ya jiko la shule ni meta 48 kwenda juu. Zidisha 60 kwa 4, utapata 240. Pampu yoyote hupoteza nguvu kidogo njiani. Iliyotunzwa vizuri huokoa sehemu 60 kwa mia au zaidi, lakini mimi nitahesabu nusu tu ili asije mtu akasema nimetia chumvi. Nusu ya 240 ni 120. Gawanya kwa 48, utapata lita mbili na nusu kwa dakika.

Najua mtu atasema, “Lita mbili na nusu! Hata birika la chai halitoshi!” Ndugu yangu, haba na haba hujaza kibaba. Lita mbili na nusu kwa dakika ni lita 150 kwa saa, na kwa usiku na mchana ni lita 3,600. Hizo ni madumu 180 ya lita 20. Toka saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, tukiwa tumelala, madumu 60 yatakuwa yamekwisha kupanda kilima. Ndiyo sababu nasema fedha zingine ziende kwenye tangi, kwa kuwa pampu hii haijui kulala, na maji yake ya usiku yasipopata pa kukaa yatapotea.

Sasa tazama upande wa pili. Kwenda kijitoni na kurudi na dumu kichwani ni nusu saa kwa mwenye nguvu. Madumu 180 ni saa 90 za kazi kila siku. Saa hizo zinatoka wapi? Zinatoka katika masomo ya jioni, katika usingizi wa wadogo zetu wa kidato cha kwanza, na katika miguu ya wapishi wetu waliozeeka. Twafundishwa darasani kanuni za Newton, kisha twatoka nje kubeba vichwani mzigo ambao kanuni zile zile zingetubebea. Nadhani hiyo ni aibu ya elimu.

Lakini jambo linalonigusa zaidi ni la majirani. Wazee wa kilima hiki ndio waliotoa ardhi ya shule. Watoto wao, na hasa binti zao, huteremka kijito kile kile na kupanda njia ile ile, na wengine hufika shule ya msingi masomo ya kwanza yamekwisha. Injini ilipokuwa ikifanya kazi, maji yalipita katika bomba mbele ya nyumba zao yakaja kwetu, na wao wakabaki na madumu yao. Hawakusema neno, ila mimi niliona vibaya. Tukifunga kondoo wa chuma, na tuweke bomba moja la kuchotea nje ya lango letu kwa ajili yao, ambalo maji yake yatateremka kutoka katika tangi. Tukisema kwamba dizeli ni ghali na hatuwezi kugawa maji, watu wanaelewa. Lakini maji yanayopanda bila kulipiwa, tutawanyima kwa sababu gani?

Wako wazee waliokwisha kuuliza kama mtambo huu hautakunywa kijito chote. Swali lao ni la haki, na jibu lake ni hili: katika lita 60 zitakazoingia, mbili na nusu ndizo zitakazopanda, nyingine zote hurudi kijitoni palepale, safi kama zilivyoingia. Ndiyo bei ya kazi yenyewe. Maji mengi huteremka kidogo ili maji machache yapande sana. Hakuna kitu cha bure katika fizikia, ila katika jambo hili mlipaji ni mteremko wa Mungu, si mfuko wetu.

Rafiki yangu mmoja amenibishia kwamba siku hizi ziko pampu za sola, na bei yake imeshuka. Ni kweli, nami sizidharau. Mahali ambapo maji yamo kisimani chini kabisa, kondoo wa chuma hana faida hata kidogo, kwa sababu hana mteremko wa kumpa nguvu. Huko sola ndiyo dawa. Vilevile penye uwanda tambarare usijisumbue naye. Lakini hapa kwetu ukungu hukaa bondeni mpaka saa nne asubuhi, na kibao cha sola kilichoachwa peke yake bondeni kina wapenzi wengi usiku. Tena chombo chake cha umeme kikiungua, nani kati yetu atakifungua akitengeneze? Chuma na mpira twavijua.

Haifai pia kuficha shida zake. Bomba la kuteremshia maji lazima liwe la chuma, kwa sababu la plastiki hunyumbuka likameza kishindo, na kishindo ndicho mshahara wetu. Urefu wake uwe kama mara 3 hadi 7 ya kimo cha mteremko. Kwetu meta 20 zinatosha. Pampu ikae juu ya saruji nzito, kwani hutikisika siku zote. Mdomo wa birika uwe na chujio, majani na mchanga yasiingie katika vilango. Hewa ya chupa huyeyuka katika maji kidogo kidogo, na ikiisha yote pampu itajipiga mpaka ivunjike. Kwa hiyo pawe na tundu dogo la kuvutia hewa, nalo lisizibwe. Mwisho, pampu hupandisha maji lakini haiyasafishi. Maji ya kunywa yatachemshwa kama zamani.

Shida hizi zote zatengenezwa kwa spana, kipande cha mpira na mtu mwenye bidii. Hapo ndipo tulipo na udhaifu. Injini zetu hazikufa kwa uzee peke yake. Zilikufa kwa sababu mtu mmoja tu ndiye aliyezijua, naye alipohamishwa maarifa yalihama pamoja naye. Kwa hiyo naomba jambo moja zaidi. Kiwepo kikundi cha wanafunzi sita cha kutunza maji: wawili wa kidato cha pili, wawili wa cha tatu, wawili wa cha tano. Wasiwe wa kidato cha sita, maana sisi twaondoka. Kila juma washuke, wasafishe chujio, wakaze nati, wahesabu mapigo ya pampu kwa dakika na kuyaandika katika daftari. Daftari hilo likae maktaba. Miaka kumi ijayo mtoto asiyetujua atalisoma na kujua kosa liko wapi.

Tena yatupasa kupanda miti ya kienyeji penye chemchemi na kuacha kulima mpaka ukingoni mwa maji. Kijito kikikauka, hakuna mtambo wa Mfaransa wala wa Mwingereza utakaotusaidia.

Basi, ninyi mliotutangulia, ambao baadhi yenu sasa ni mafundi, wahasibu na wakubwa wa ofisi, nawaomba mlifikiri neno hili kabla ya mkutano ujao. Fundi mmoja aje apime upya vipimo vyetu. Ikiwa tumekosea, atuonyeshe. Mhasibu mmoja aandike upande huu bei ya injini na dizeli ya miaka kumi, na upande huu bei ya kondoo wa chuma na mabomba yake kwa miaka hiyo hiyo. Mimi nitakuwa nimekwisha kuondoka, wala sitayaoga maji hayo. Lakini yuko mtoto wa kidato cha kwanza ambaye leo jioni atapanda kilima akiwa na lita 20 kichwani na mtihani kesho asubuhi, na yuko binti wa jirani anayepanda nyuma yake.

Mwenye maoni mengine na aandike katika toleo lijalo, tujibizane kwa kalamu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita