Gari la Zamani Halilishi: Pesa ya Tairi Si Yako

Vijana wengi wa Lodwar wanapenda kutazama kwenye simu yale magari ya Marekani ya zamani, kama Ford Mustang iliyotoka mwaka 1964. Injini ya silinda nane inanguruma, vumbi linatimka. Ni raha kuangalia. Lakini muulize mwenyewe kuhusu mafuta na spea, utamwona anakuna kichwa. Na hapa Kenya hata ukiwa na pesa, gari lililotumika haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limezidi miaka minane.

Huku kwetu Turkana, Mustang yetu ni Land Cruiser ya zamani. Mara nyingi ni pikapu iliyotumikia shirika fulani kwa miaka, ikauzwa mnadani, ikapakwa rangi upya, sasa inabeba abiria, unga na mbuzi kati ya Lodwar na Kakuma. Nguvu inayo, na sifa inayo pia. Shida ni moja: watu wengi huhesabu bei ya kulinunua, hawahesabu bei ya kuishi nalo.

Mfugaji aliyeuza mbuzi ili anunue gari amezoea mali inayojitafutia. Mbuzi humpeleka malishoni, akarudi ameshiba. Gari halijui malisho. Likilala wiki nzima bila kazi, bima inahesabu siku, betri inachoka na tairi zinapigwa jua. Kila kitu linachokula kinatoka mfukoni mwako.

Tufanye hesabu pamoja. Takwimu hizi ni za mfano tu, weka zako. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni karibu kilomita 120, kwa hivyo kwenda na kurudi ni 240. Tuseme gari linakwenda kilomita 8 kwa lita, na lita ni shilingi 200. Hiyo ni lita 30, yaani shilingi 6,000 kwa safari. Ukifanya safari 10 kwa mwezi, mafuta ni 60,000. Dereva mlipe 20,000. Kila safari ikiingiza 12,000, mwezi unaleta 120,000.

Hapo ndipo wengi wanasimamisha hesabu. Ukitoa mafuta na dereva, wanaona 40,000 imebaki, wanasema biashara ni poa. Karo inalipwa, mabati yananunuliwa, harusi inachangiwa.

Lakini ngoja. Tairi nne za 20,000 kila moja zikidumu miezi 16, kila mwezi zinakula 5,000. Oili na filta za 12,500 kila kilomita 5,000, nazo ni 6,000 kwa mwezi. Bima, tuseme 3,000. Na kwa gari lililozeeka, weka 15,000 kwa springi, bushi, breki na radieta, kwa sababu vitaharibika tu. Suala ni lini. Jumla ni 29,000. Faida yako halisi ni 11,000, si 40,000.

Ile 29,000 haikuwa yako hata siku moja. Ni ya gari, wewe unaishika tu.

Siku tairi inapopasuka ndipo ukweli unajulikana. Spea haipo Lodwar, inabidi iletwe na basi kutoka Kitale, karibu kilomita 300. Pesa hakuna. Mwenye gari anafungua simu, anachukua mkopo wa dharura. Na hapa tuseme wazi, hata kama ni sisi tunaouza huduma za pesa kwa simu: mkopo wa namna hiyo haukutengenezwa kwa ajili ya tairi. Unafaa pengo dogo la siku mbili tatu. Ukiubebesha mzigo wa miezi, ada inaongezeka, na pesa yoyote inayoingia kwenye laini inakatwa kwanza. Nauli ya leo inalipa deni la jana, na kesho dereva yuko Kakuma na abiria garini, hana hata pesa ya mafuta ya kurudi. Ukishindwa kabisa kulipa, jina lako linaweza kupelekwa kwa taasisi za kumbukumbu za mikopo, na mkopo wa maana utakaouhitaji baadaye uwe ngumu kupata.

Msimamo wetu ni huu: kama huwezi kulitengea gari pesa yake kila safari, usilinunue bado. Baki na mbuzi wako. Na kama tayari unalo, anza na haya:

1. Tenga laini moja ya gari tu. Nauli iingie hapo, mafuta na fundi walipwe kutoka hapo. Usiichanganye na pesa ya nyumbani.

2. Jioni ya kila safari, hamisha pesa ya gari kwenye akiba. Kwa mfano wetu ni 2,900. Usingoje mwisho wa mwezi, haitafika.

3. Lipa fundi na muuza spea kwa simu, hata ile mia tano ya panchari. Mwisho wa mwezi omba taarifa ya miamala, uone gari limekula ngapi.

4. Bei mpya za mafuta hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi. Zikipanda, piga hesabu ya nauli upya siku hiyo hiyo.

5. Usimtumie pesa muuza spea usiyemjua eti "tuma kwanza, mzigo uko njiani." Na nambari ya siri usimpe dereva, hata akiwa mtoto wa dada yako.

Barabara ya lami imerahisisha safari, lakini haijafanya gari la zamani kuwa jipya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta wa Land Cruiser unajengwa kwa mbuzi wote uliobaki nao. Leo jioni, kabla hujalala, fungua taarifa yako ya mwezi uliopita. Toa mafuta, toa dereva, kisha toa na ya gari. Kinachobaki ndicho chako.