Tunaizungumzia Haidrojeni, Tunakisahau Kipimo

Septemba 2023, viongozi wa Afrika wakiwa wamekusanyika Nairobi kwa mkutano wa tabianchi, Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani. Namibia nayo imeweka matumaini makubwa katika mradi wa karibu na Lüderitz. Mjadala unaofuata kila tangazo la aina hii tunaujua: megawati ngapi, ardhi ya nani, mnunuzi wa Ulaya atalipa kiasi gani. Ni maswali halali, na wanaharakati wasiyaache. Lipo, hata hivyo, swali ambalo sijalisikia katika makongamano yetu: gesi hiyo ikishahifadhiwa, nani atajua kwa yakini shinikizo lililomo ndani ya mtungi, na atalijuaje baada ya miaka 10?

Haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote. Ili kilo chache tu zienee ndani ya gari dogo, hushindiliwa hadi takriban mara 700 ya shinikizo la hewa ya kawaida. CNG inayoendesha teksi na bajaji za Dar es Salaam hushindiliwa mara 200 hivi. Kinachomwambia fundi kwamba mtungi umejaa, au kwamba unavuja, ni kihisi cha shinikizo: kiwambo chembamba cha chuma kinachopinda gesi inapokisukuma, na mpindo huo ukageuzwa kuwa ishara ya umeme.

Matatizo huanzia hapo hapo kwenye kiwambo. Atomu za haidrojeni ni ndogo kiasi cha kujipenyeza katikati ya atomu za chuma. Mwaka 1875 W. H. Johnson aliieleza Royal Society ya London jinsi chuma kilichoingiwa na haidrojeni kinavyopoteza unyumbufu na kuwa chepesi kuvunjika. Feleji ngumu, zile ambazo mhandisi angezikimbilia kwa kazi ya shinikizo kubwa, ndizo huathirika zaidi. Tena vihisi vingi vya viwandani hujazwa mafuta nyuma ya kiwambo ili yapeleke msukumo kwenye kipande kinachohisi. Haidrojeni hupenya kiwambo, huyeyuka ndani ya mafuta hayo, na shinikizo la mtungi linaposhuka hutoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa. Kiwambo huvimba. Kihisi hakifi, kinaendelea kutoa namba, tena namba nadhifu zenye desimali, ila zimesogea kutoka kwenye ukweli.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko kuharibika kwenyewe. Kihisi kilichokufa humlazimisha fundi asimamishe mtambo. Kinachopotoka polepole humwacha aendelee kujaza. Na kuweka vihisi viwili vya muundo mmoja hakusaidii sana, kwa kuwa huweza kupotoka pamoja, upande ule ule, na kila kimoja kikamtolea mwenzake ushahidi.

Tiba zinajulikana. Kiwambo hufanywa cha chuma cha pua chenye nikeli ya kutosha, au hupakwa dhahabu ili kuipunguzia gesi mwanya wa kupenya. Ama mafuta huachwa kabisa, na kipande cha kuhisi kikawekwa juu ya chuma chenyewe. Kila tiba ina gharama yake. Kiwambo kinene hudumu lakini huwa kigumu kuhisi. Chembamba huhisi upesi na hupenywa upesi. (Nikeli ya Kabanga na dhahabu ya Geita ziko kwetu. Viwambo je?)

Mtu asidhani haya ni mambo ya wahandisi peke yao. Tarehe 10 Juni 2019 kituo cha kujazia haidrojeni kililipuka Sandvika, karibu na Oslo. Uchunguzi ulibaini kwamba bolti za kizibo cha mtungi mmoja hazikukazwa ipasavyo. Kihisi hakikuwa na hatia pale, lakini Norwe ina miongo ya uzoefu wa mafuta na gesi, na bado kilichoiponza ni kazi ya spana.

Sisi tuna mahali pa kuanzia. Wakala wa Vipimo huhakiki pampu za mafuta, TBS na KEBS zina maabara za vipimo, na CNG imekwisha kuwazoesha mafundi wetu mitungi ya shinikizo kubwa. Tusichokuwa nacho ni mazoea ya kuuliza swali la uimara wakati wa kununua. Tunauliza bei na muda wa dhamana. Hatuulizi kihisi kilijaribiwa ndani ya gesi gani, ilhali kilichojaribiwa kwa naitrojeni pekee hakijajaribiwa kwa haidrojeni. Hatuulizi kilipandishwa na kushushwa shinikizo mara ngapi, katika baridi na katika joto, wala kilisogea kiasi gani mwisho wa majaribio. Hatuulizi nani atakihakiki hapa nchini, au kama kitasafirishwa hadi Ulaya kila kinapotiliwa shaka, mtambo ukisubiri.

Mtumishi wa umma atakayeandaa zabuni ya kwanza ya mitungi ya haidrojeni katika ukanda huu huenda hivi sasa ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Masharti hayo ayaandike ndani ya zabuni yenyewe, na mzabuni atakayekuja bila cheti cha majaribio yaliyofanywa ndani ya haidrojeni arudishiwe makabrasha yake siku hiyo hiyo.