GIA IKIKWARUZA, ASIKATWE MSHAHARA MWENDESHAJI



Reli ya mlimani ilipita Sagana na Karatina, ikaishia Nanyuki. Embu na Meru haikufika. Lakini sisi tuliozaliwa huko, tunaokula chakula cha reli, tuna jamaa zetu wanaoendesha mashua za mota katika bwawa la Masinga, lile la mto Tana lililomalizika mwaka 1981. Shida yao ni shida yetu. Mfanya kazi ni mfanya kazi, awe juu ya chuma au juu ya maji.

Tulipokwenda likizo tulimkuta kijana mmoja wa Mbeere amekatwa mshahara. Injini yake ni kuukuu, ya kufungwa nyuma ya mashua. Kila akitia gia ya mbele ilikwaruza, na mashua ikaruka. Siku moja gia ilikataa kushika, upepo wa alasiri ukawasukuma yeye na abiria wake mpaka kwenye mawe. Mwenye mashua akasema: "Wewe umeharibu, wewe utalipa." Sisi twasema, hapana! Na tukiulize chuma chenyewe kwanza.

Tulizima injini, tukatoa waya wa plagi ili propela isije ikamkata mtu, tukaanza kutafuta.

Kwanza, kebo ya gia. Tuliifungua upande wa injini, tukausukuma mkono wa gia. Ulikuwa mzito kama ng'ombe aliyelala. Kisha tukasukuma kiungo cha injini kwa kidole, mwenzetu akizungusha propela polepole. Kikaenda bila taabu. Basi kutu imo ndani ya kebo. Kebo ya namna hiyo haifikishi meno mwisho. Yashika nusu, yakwaruzana.

Pili, mwendo wa injini kabla ya kutia gia. Injini nyingi za namna hii huzunguka kiasi cha mara 600 mpaka 900 kwa dakika. Kitabu chake ndicho kinachosema hasa. Hii ilinguruma mno, kwa kuwa skrubu ya kabureta ilikazwa ili isizimike. Ukitia gia hapo, lazima ipige.

Tatu, oili ya gia. Tulifungua skrubu ya chini. Ikitoka na vipande vya chuma, meno yameliwa. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, sili zimekwisha. Hii ilitoka nyeupe.

Sasa twauliza: je, ni kijana huyu aliyeleta kutu? Ni yeye aliyekataa kununua sili? Kwetu relini dereva huandika ubovu kitabuni, karakana ikatengeneza. Asipotengenezewa, kosa si lake. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata kiasi cha haki tu, kwa hasara ambayo mfanya kazi ameileta kwa kusudi. Nani aliwahi kupanda kutu kwa kusudi?

Lakini nasi tusijisifu. Wako wenzetu wanaotia gia polepole wakidhani wanaihurumia. Huko ndiko kuyasaga meno! Punguza mwendo kabisa, kisha tia mara moja kwa mkono imara. Na wako wanaoficha ubovu kwa kuogopa kufukuzwa. Anayeficha leo anamnolea bwana wake kisu cha kukatia mshahara kesho. Andika tarehe, andika ubovu, mwambie mwenye mashua mbele ya shahidi.

Nanyi wenye mashua, kebo mpya ni bei gani mbele ya roho za watu kumi majini?

Kijana yule sasa ana daftari. Fedha zake hazijarudishwa bado, nasi hatutanyamaza mpaka zirudishwe.