Mnyama Mwenye Tanga Mgongoni

Leo mama akirudi kutoka Gikomba na mgongo wazi, msianze kuutafuna mara moja. Tazameni kwanza ile miiba iliyojipanga kwenye uti wa mgongo. Sasa fikirini mnyama ambaye miiba yake ya mgongoni ilipita mita moja na nusu, ikafunikwa ngozi na kusimama kama tanga la jahazi.

Huyo ni Spinosaurus, dinosaria aliyeishi Misri na Moroko miaka ipatayo milioni 95 iliyopita. Urefu wake ulikaribia mita 14. Pangeni Nissan tatu za abiria 14 kwenye foleni ya Jogoo Road, mtakuwa mmempata.

Chakula chake kikubwa kilikuwa samaki. "Nani alimwona akila?" kijana mmoja wa Umoja aliniuliza. Swali zuri! Hakuna aliyemwona, meno ndiyo yanayosema. Dinosaria wengi wala nyama walikuwa na meno bapa yenye kingo za msumeno, ya kukata. Ya Spinosaurus yalikuwa ya mviringo na yenye ncha, kama ya mamba. Meno hayo kazi yake ni kushika, na aliyewahi kumkamata kambare hai kwenye beseni anajua kwa nini. Tena jamaa yake, Baryonyx, aliyegunduliwa Uingereza mwaka 1983, alikutwa na magamba ya samaki pale tumbo lilipokuwa.

Mifupa ya kwanza ya Spinosaurus, aliyepewa jina na Mjerumani Ernst Stromer mwaka 1915, iliteketea Munich ilipopigwa mabomu Aprili 1944. Ikabaki michoro na picha. Mingine ilipatikana Moroko, na mwaka 2020 mkia wake ukatangazwa, mpana kama kasia. Wataalamu wangali wanabishana: je, alipiga mbizi au alisimama majini akivizia kama korongo?

Karibu na kwetu nako kuna kesi. Huko Tendaguru, mkoani Lindi, Tanzania, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Vibarua wenyeji waliibeba kwa miguu hadi bandarini, ikapelekwa Berlin. Humo mlikuwa na jino moja dogo. Mwaka 2012 Mfaransa Eric Buffetaut alimpa mwenye jino hilo jina la Ostafrikasaurus, yaani mjusi wa Afrika Mashariki, akisema ni wa ukoo wa Spinosaurus, tena wa zamani zaidi. Wengine wanakataa, wanamweka katika jamii nyingine ya wala nyama.

Jino moja haliwezi kumaliza ubishi huo. Na anayetaka kulitazama mwenyewe itambidi afunge safari hadi Berlin.