Ufa Usiozibwa kwa Rangi

Juma lililopita, jioni baada ya masomo, alinijia kijana mmoja niliyemfundisha zamani hapa Kipushi. Siku hizi anajifunza kazi katika karakana ya magurudumu. Aliketi kwa adabu, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema: "Mwalimu, nina neno linalonisumbua. Mteja ameleta janti nne za alumini, ataka zing'arishwe ziwe kama mpya. Moja ina ufa. Mkubwa wangu ameniambia niuchome, niusugue, kisha niupake rangi ya unga, wala hapana mtu atakayeuona. Je, nifanye?"

Nilimwambia palepale asifanye. Lakini neno "usifanye" peke yake halimfundishi mtu kazi. Vijana wengi wa mji wetu hutafuta riziki katika motokari, na jamaa zetu hupanda motokari hizo kwenda Lubumbashi kila siku. Kwa hiyo nimeona vema kumweleza sababu zake mbele yenu nyote.

Tuanze na rangi yenyewe. Rangi ya unga haina maji wala mafuta. Ni unga mkavu, laini kama ule wa muhogo. Mjerumani Erwin Gemmer alionyesha njia ya kuutumia mnamo 1953: alikipasha moto kipande cha chuma, akakichovya katika unga uliokuwa ukipeperushwa na hewa, unga ukayeyuka na kushika. Baadaye ikaja bastola inayoutia unga umeme. Janti huunganishwa na ardhi kwa waya, na unga huvutwa ukaing'ang'ania pande zote. Kisha janti huwekwa katika tanuru lenye joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi, kwa dakika 10 hadi 20, kadiri alivyoagiza mtengenezaji wa unga. Unga huyeyuka, hutandaa, hugeuka kuwa ngozi moja ngumu.

Ngozi hiyo ni njema sana kwa kuzuia kutu. Sisi watu wa Kipushi twaijua habari hiyo vizuri. Mgodi wetu ulianza kazi mwaka 1924, ukasimama 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Na kazi kubwa ya zinki duniani ni kukinga chuma kisiliwe na kutu. Walakini zinki haiungi chuma kilichopasuka, wala rangi haiungi. Hizo ni nguo tu. Mfupa ni chuma chenyewe.

Basi fundi mwema na aende kwa utaratibu huu.

Kwanza, mpira utolewe kabisa katika janti kabla ya moto wowote kuikaribia. Hapa wengi wamepoteza maisha. Fundi huchoma janti huku mpira ungali umefungwa juu yake, akidhani kwamba akitoa upepo yu salama. Si kweli. Joto la moto huufanya mpira utoe ndani yake gesi zinazowaka. Gesi hizo zikishika moto, gurudumu hulipuka kama bomu. Kutoa upepo hakutoshi. Mpira na janti viachane. Vilevile vitolewe valvu na vile vipande vya risasi vya kusawazisha gurudumu, maana risasi ni sumu na haifai kuingia katika tanuru.

Pili, ufa utafutwe. Macho peke yake hayatoshi. Katika karakana za reli za zamani mafundi walitumia njia rahisi ambayo hata leo mtu aweza kuifanya. Osha janti mpaka iwe safi, ipake mafuta mepesi, ingoje kitambo, kisha uifute ikauke kabisa. Halafu ipake chokaa nyeupe. Penye ufa, mafuta yaliyojificha hutoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chokaa. Siku hizi huuzwa rangi nyekundu yenye kupenya, pamoja na unga wake mweupe, inayofanya kazi hiyo vizuri zaidi. Njia hizi huonyesha nyufa zilizofika juu tu. Kwa hiyo janti iliyogongwa vibaya isiaminiwe hata kama chokaa imebaki nyeupe.

Tatu, ajue kipi hutengenezwa na kipi hutupwa. Mkwaruzo mdogo ukingoni na rangi iliyobanduka hutengenezwa. Ufa, kipande kilichomeguka na janti iliyopindika sana hutupwa. Kampuni ya General Motors, katika maagizo yake kwa mafundi, haikubali janti iliyochomwa, kukunjwa au kunyoshwa; inaruhusu tu kutengeneza rangi ya juu. Sababu yake ni hii: janti nyingi za alumini hupata nguvu kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu kiwandani. Mwali wa gesi huiondoa nguvu hiyo mahali ulipogusa. Tena alumini ina udanganyifu wake: chuma kikipata moto huwa chekundu na kumwonya fundi, lakini alumini huyeyuka kabla ya kuonyesha wekundu. Hata tanuru la rangi lichungwe: joto likizidi, au janti ikiokwa tena na tena, nguvu yake hupungua.

Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini wao walisema habari ya nyumba. Ukuta husimama mahali pamoja, na janti huzunguka mara mamia kila kilomita, nayo hubeba watu. Kila mzunguko huufungua ufa kidogo na kuufunga kidogo, mpaka siku moja unafika mwisho.

Nne, fundi asijiue mwenyewe. Wengi huondoa rangi ya zamani kwa kupuliza mchanga wa mtoni. Mchanga huo ukipasuka hutoa vumbi lisiloonekana ambalo huingia katika mapafu na kubaki humo daima. Ndio ugonjwa wa silikosisi, nao ni ugonjwa wa wachimba migodi tangu zamani. Uingereza ilikataza kupuliza mchanga wa namna hiyo viwandani tangu miaka ya 1950. Zitumike chembe za kioo au za oksidi ya alumini, na fundi avae kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira. Wengine hubandua rangi kwa dawa yenye dikloromethani. Mvuke wake umewaua watu katika vyumba vilivyofungwa. Ndiyo sababu Marekani ilikataza kuuzia watu wa nyumbani dawa hiyo ya kubandulia rangi mwaka 2019.

Unga nao una hatari zake. Ukitanda hewani kwa wingi, cheche moja yaweza kuulipua. Pawe na feni ya kuuvuta nje, waya wa ardhi ushikane barabara, na sigara ikae mbali. Fundi afunike pua na mdomo kwa kinyago cha kichujio, kitambaa hakifai. Na tanuru la rangi lisiwe tena la kuokea mkate.

Tano, rangi isipakwe kila mahali. Viti vya nati, na uso wa janti unaolala juu ya kitovu cha gurudumu, vifunikwe kabla ya kupuliza unga. Rangi nene chini ya nati hukaza leo, kesho hubanwa na kusagika, na nati hulegea bila mtu kujua. Nati zikazwe kwa ufunguo wenye kipimo, kisha zipimwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Safari ya Kipushi mpaka Lubumbashi ni kilomita 30 hivi. Basi, ukienda na kurudi, zipime kabla ya kulala.

Hayo yote nilimweleza yule kijana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, nimeelewa. Lakini mkubwa wangu atasema namfukuzia wateja, nami bado sijamaliza kujifunza."

Neno hilo ni zito, wala sikulidharau. Ni rahisi kwangu mwenye mshahara wa shule kusema habari ya dhamiri. Nikamshauri hivi: asimbishie mkubwa wake mbele ya watu, wala asimseme kwa wengine. Achukue mafuta na chokaa, aipake janti ile, kisha amwite mkubwa wake aje kuutazama mstari kwa macho yake, na aombe kwa heshima kwamba mwenye motokari naye aonyeshwe.

Jumapili alinirudia. Mkubwa wake alikasirika mwanzoni, akamwita mtoto wa darasani. Lakini mwenye motokari alipofika na kuuona mstari mweusi, alisimama kitambo bila kusema. Kisha akasema kwamba motokari ile ndiyo inayowapeleka watoto wake shuleni. Akalipa kazi ya janti tatu, akaenda kutafuta ya nne kwingine. Karakana ilipoteza fedha ya janti moja, na kijana hakupewa chochote siku ile. Janti mbovu waliikata vipande viwili kwa msumeno, ili asije mtu akaiokota na kuiuza.

Ninyi wazazi mnaopeleka vijana kujifunza ufundi, waulizeni jioni wamefanya nini, si fedha walizoleta tu. Nanyi mlio na motokari, msipunguze bei mpaka fundi alazimike kuficha. Mkiletewa janti inayong'aa, ulizeni ilichunguzwaje kabla ya kupakwa rangi. Fundi aliyeichunguza atawaeleza kwa furaha.