Shaka si kosa

Sisi wa kitivo cha lugha tunadhani vipimo vya satelaiti haviwahusu watu wetu. Mimi naona vinatuhusu, maana vingi vinaharibikia mikononi mwa wanaotafsiri.

Hapa Tshopo vipima mvua ni vichache. Yangambi, kilomita kama 100 kutoka Kisangani, kuna kumbukumbu za hali ya hewa tangu enzi za INEAC. Ukiingia msituni zaidi, mvua inakadiriwa kutoka angani. Lakini Meteosat, iliyo kilomita 36,000 juu ya Ghuba ya Guinea, haioni mvua. Inapima joto la vilele vya mawingu kwa mionzi ya infraredi. Kanuni moja ya zamani, ya Phillip Arkin, ni nyepesi: penye kilele baridi kuliko kelvini 235, yaani nyuzi 38 chini ya sifuri, hesabu milimita 3 za mvua kwa saa. Mbinu nyingine huongeza mvua kadiri wingu linavyozidi ubaridi.

Je, 235 hiyo ni 235 kweli? Chombo hujirekebisha kwa kutazama vitu viwili: anga tupu, na kipande cheusi kilichomo ndani yake ambacho joto lake linapimwa. Katika Meteosat za kizazi cha pili kipande hicho hakitazamwi kupitia vioo vyote, kwa hiyo mchango wa vioo vya mbele hukokotolewa tu. Tena barafu hujikusanya kwenye sehemu za baridi mpaka zipashwe moto. Na kwa mikromita 10.8, hitilafu ileile ya mionzi huzaa hitilafu ya joto kubwa mara 4 hivi kwenye wingu la kelvini 200 kuliko kwenye ardhi ya kelvini 300. Mawingu yetu makubwa hufika huko.

Ndiyo maana wataalamu huandika namba pamoja na "jumlisha au toa" yake. Kamusi ya kimataifa ya vipimo, VIM, hutenganisha erreur na incertitude: ya kwanza ni umbali kati ya kilichopimwa na thamani ya rejea, ya pili ni mtawanyiko wa thamani zinazoweza kukubalika. Kwa Kiswahili nasikia zote mbili zikiitwa "makosa". Msikilizaji wa redio akiambiwa kipimo kina makosa, anakitupa. Basi mtafsiri, kwa huruma, anaifuta ile "jumlisha au toa". Huruma gani hiyo? Mkulima wa mpunga anabaki na namba moja kavu, asijue aiegemee kiasi gani.

"Wasiwasi" siutaki, huo ni wa moyo. "Kutokuwa na uhakika" ni sahihi, ila hakuingii kwenye jedwali. Napendekeza "upana wa shaka". Kuna atakayesema shaka ni ya mtu, si ya chombo. Sawa, lakini anayetangaza mvua ni mtu.

Tuanze na matini ya mvua tunayotafsiri darasani: kila namba ivuke na upana wake, hata sentensi ikiwa nzito.