Bia ya Mtengenezaji Mdogo: Nani Aipeleke?



Siku hizi Kampala wamezuka watengenezaji wadogo wa bia. Hawawezi kushindana na viwanda vya Luzira na Njeru. Wanapika matangi machache tu na kuuza katika baa na mahoteli machache. Wenzetu wa depo wametuuliza: je, ni haki watu hawa wabebe bia yao wenyewe mpaka kwa mwenye baa? Wanasema kila kreti isiyopita depo ni kreti ambayo mpakiaji hakulipwa.

Hofu hiyo hatuidharau. Wapakiaji wengi ni vibarua; mzigo ukipungua, wao ndio wa kwanza kuambiwa warudi nyumbani. Hata hivyo maoni yetu ni kwamba mtengenezaji mdogo aachwe apeleke bia yake.

Tutazame kazi yenyewe. Bia nyingi za namna hii hazipitishwi kwenye joto la kuua vijidudu kama bia ya kiwanda kikubwa, kwa hiyo zataka baridi tangu tangini mpaka kwenye glasi. Depo ni banda la mabati. Kreti zinazotoka upesi hupangwa mbele, na zile kumi za mdogo husukumwa nyuma zikangoje. Mwenye depo anakula kwa mkono wa kampuni kubwa. Hawezi kugombana nayo kwa ajili ya kreti kumi. Bia ikiharibika, mnywaji hailaumu depo, humlaumu aliyeipika. Basi kreti hizo hazimpi mpakiaji kazi ya kudumu, na huko nyuma mpishi na muosha chupa wanapoteza yao.

Marekani waliligusa jambo hili zamani. Kabla ya pombe kupigwa marufuku mwaka 1920, viwanda vikubwa vilikuwa na mabaa yao, na mwenye baa alikuwa kama mtumwa wa kiwanda. Marufuku ilipofutwa mwaka 1933, majimbo mengi yalitenga watu watatu: anayepika, anayesambaza na anayeuza. Nia ilikuwa kumfunga mkubwa, lakini kamba ikamkaba mdogo. Ndiyo maana majimbo mengi yamempa nafasi ajipelekee mwenyewe mpaka kiwango fulani. North Carolina kiwango kilikuwa mapipa 25,000 kwa mwaka, yaani karibu lita milioni 3. Wapishi wa huko walikwenda mahakamani, na mwaka 2019 kikapandishwa kuwa 50,000.

Hapa kwetu pia tuna mfano. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilimtaka mpishi awe na leseni, na enguli aliyopika aiuze kwa kiwanda kilichoruhusiwa, kilichoitia chupani kwa jina la Uganda Waragi. Wengi hawakuchukua leseni. Waliendelea kupika kwa kificho, na anayefanya kazi kwa kificho hana wa kumtetea. Ukimwachia mtu mlango mmoja tu wa kuuzia, mwenye mlango ndiye anayepanga bei.

Sasa tugeuke upande wa pili, maana hatukuanzisha chama ili kuwatetea waajiri, wawe wadogo au wakubwa. Tumeona mwajiri mmoja mdogo anayempakia kijana kreti nne juu ya bodaboda, bila mkataba, bila kofia ya chuma, chupa ikivunjika anakatwa. Ukimwuliza anajibu, "Huyu ni mtoto wa dada yangu." Mtoto wa dada naye ana mbavu za kuvunjika! Anayepeleka bia ni mfanyakazi wa bia. Zamani Hazina ya Akiba ya Wafanyakazi, NSSF, ilimshika mwajiri mwenye watu 5 au zaidi. Tangu mwaka 2022 hata mwenye mtu mmoja anapaswa kulipa asilimia 10 juu ya 5 ya mfanyakazi. Udogo si kisingizio tena.

Chama cha wafanyakazi wa bia cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1886, kilishikilia kwamba mpishi, fundi mitambo, mchochea moto na dereva wakae chama kimoja. Kwa ajili ya ubishi huo shirikisho la vyama liliwafukuza mwaka 1907, likawarudisha mwaka 1908. Walikuwa na haki. Mwaka 1973 chama hicho kikaungana na Teamsters, chama cha madereva.

Basi twataka hivi: mdogo ajipelekee bia yake, dereva na taniboi wake waandikwe kazi na waingie chama, na akishapita kiwango fulani atumie depo au aajiri kwa masharti yale yale ya depo. Kiwango hicho kiwe lita ngapi, hapo twahitaji kusikia kwa madereva na wapakiaji, kwa kuwa wao ndio wanaojua lori moja hushusha nini kwa siku. Andikeni kupitia wajumbe wa matawi yenu.